Mtihani wa Chumba cha Michezo

Bwenini,
14 Mei

Kwa Mshauri wa watoto,

Wewe hunijui, ila mimi nimeshakuona. Mimi ni kaka yake Chiriku, yule mtoto wa miaka saba anayeletwa kwako kila Jumamosi na mama yetu mdogo, fundi cherehani. Nasoma kidato cha tatu, shule ya bweni, na simu haziruhusiwi, ndiyo maana naandika. Hata zingeruhusiwa ningeandika. Mbele za watu maneno hunikauka mdomoni.

Likizo iliyopita nilimsindikiza Chiriku. Nilikaa kwenye benchi la koridoni, kisha nikachungulia kwenye kile kioo kidogo cha mlango. Naomba radhi kwa kuchungulia. Nilikuona umekaa sakafuni, umevaa ndoo nyekundu ya plastiki kichwani, na Chiriku anachota mchanga kwa kikombe, anaumimina juu ya ndoo polepole, anachota tena. Nikangoja nione kitakachofuata. Hakikufuata kitu. Muda ulipokwisha ulivua ndoo, ukamshukuru, naye akaja kwangu na mchanga ndani ya soksi.

Jina la Chiriku alipewa na mama, kwa kuwa alikuwa hafungi mdomo, alikuwa anaongea hata na nguo zilizoanikwa. Baba aliondoka siku nyingi, Chiriku hajaota meno. Mwaka jana mama aliugua nikiwa huku shuleni. Mchana Mamdogo alikuwa kibandani kwake, kwa hiyo Chiriku ndiye aliyekuwa akibaki na mama. Mimi nilifika siku ya mazishi. Tangu hapo Chiriku alipunguza kusema, akapunguza, mpaka akanyamaza kabisa. Shuleni haitikii hata jina lake. Hospitali walisema masikio ni mazima na koo ni zima, wakatuelekeza kwako.

Sasa jambo lenyewe. Mjomba, kaka yao mama na Mamdogo, amesema shule ya Chiriku ikifungwa atakuja. Akimkuta bado hasemi atamchukua, akaishi mbali huko, aingie bweni la watoto wasiosema. Sina ubaya na shule hiyo. Lakini Chiriku si bubu, na mimi nimebakiwa na yeye na Mamdogo tu.

Kwa hiyo naomba kujua: mtaala wenu ni upi? Amefika sura ipi? Kuna mazoezi ya kufanyia nyumbani? Mimi hujifunza haraka nikiwa na kitabu.

Nisamehe kama nimekosa adabu.

Kaka yake Chiriku


Chumba cha Michezo,
25 Mei

Kaka yake Chiriku,

Barua yako nimeisomea kwenye kiti cha mtoto, maana humu viti vya watu wazima havipo, na magoti yangu yamelalamika vya kutosha.

Ile ndoo niliivaa kwa sababu niliamriwa. Humu ndani mtoto ndiye bosi. Nina trei ya mchanga, midoli, wanyama wa plastiki, rangi, na nyumba ya mbao ambayo paa lake lilivunjwa na bosi mmoja wa miaka minne. Mtoto anachagua, mimi nafuata. Simwulizi "huyu ni nani?" Simwambii "haya, chora mama." Watoto wengi hawana maneno ya kueleza yaliyowakuta, ila mikono wanayo.

Mtaala basi hakuna, na pole, maana naona ulishashika kalamu tayari. Na anachokicheza ni mali yake. Mama yenu mdogo simwambii, wewe sikuambii, mjomba wenu akija sitamwambia. Nitaivunja kanuni hiyo pale tu nitakapoona yuko hatarini.

Moja naweza kulisema, kwa kuwa koridoni kila mtu ameliona: anakuja mbio. Mama mdogo anaachwa nyuma, anahema.

Ukitaka kumsaidia, mwandikie. Mweleze chakula cha bweni, mweleze nani anakoroma. Ila usimwulize kitu chochote. Amechoka kuulizwa.

Mshauri


Bwenini,
1 Juni

Mdogo wangu Chiriku,

Mshauri amesema nisikuulize kitu, kwa hiyo sikuulizi. Nakupa majibu.

Maktaba yetu ina kitabu kuhusu watoto na michezo. Mchwa wamekula nusu yake, lakini nusu iliyobaki nimeisoma yote. Sasa nimeelewa kile chumba ni nini. Ni mtihani, ila wanajifanya si mtihani ili watoto wasiogope. Wewe usiogope. Mitihani ndiyo kitu pekee ninachokiweza duniani, nami nitakufundisha.

Jumamosi ukifika, achana na ndoo. Ndoo haina maksi. Nenda kwenye mchanga. Chukua mdoli mkubwa wa kike, huyo ndiye mama. Mlaze, mfukie taratibu. Halafu mdoli mdogo akae pembeni alie, unaweza kumpaka maji machoni. Halafu aje mwingine amkumbatie, anaweza kuwa Mamdogo, au mimi. Mwisho panda maua juu ya mchanga. Maua yakikosekana tumia vitu vya kijani. Nyuma ya karatasi nimekuchorea yote, picha baada ya picha. Kitabu kinasema mtoto akicheza hivyo ameanza kupona, na akianza kupona maneno hurudi.

Fanya mazoezi nyumbani kwa vifuniko vya chupa. Karatasi hii usimwonyeshe Mshauri. Ukifaulu, Mjomba hatakuchukua.

Kaka


Kibandani,
24 Juni

Profesa wangu,

Hujambo huko? Mimi nipo, mguu mmoja juu ya cherehani, na mbele yangu kuna bibi harusi mtarajiwa ananikodolea macho kwa sababu gauni lake bado lina mkono mmoja. Mwache asubiri, ndoa yenyewe ni ya maisha.

Nina swali. Huyo Mshauri wenu ameanza kutoa kazi za nyumbani? Maana dada yako anashinda chini ya meza yangu na vifuniko vya soda. Anakifukia kimoja kwenye vipande vya vitambaa, anachungulia karatasi fulani, anapanga vingine, anachungulia tena. Kimoja kikianguka anabomoa vyote, anaanza upya. Nikisogea anaikalia karatasi. Jasho linamtoka, utadhani anafunga mahesabu ya benki. Nikasema sawa, labda ndiyo dawa yenyewe.

Lakini Jumamosi iliyopita tumefika getini akakumbatia nguzo. Mimi navuta huku, yeye anavuta kule, mlinzi anacheka, "Mama, mtaniondokea na geti!" Tulipofika mlangoni kwa Mshauri, akatapika. Mtoto aliyekuwa ananiacha mbio, Profesa! Na nguo zake amezitoa kwenye begi amezificha ndani ya kapu la vitambaa. Sijui nani amemwambia habari za Mjomba. Mimi sijafungua mdomo.

Nimechoka, mwanangu. Jumamosi ndiyo siku ya wateja, na ndiyo siku ninayofunga kibanda. Jana Mjomba wako amepiga simu: "Mdogo wangu, mnasafiri mji mzima mtoto akachezee mchanga? Hapo uani kwako mchanga umekwisha?" Hata mimi nilishajiuliza hivyohivyo. Nafikiria tusiende tena. Mwandikie huyo mwanamke, wewe ndiye unayejua lugha za vitabuni.

Kula vizuri. Na uvae sweta.

Mamdogo


Bwenini,
30 Juni

Kwa Mshauri,

Leo sitakusalimia kwa kirefu, maana nikianza salamu nitaogopa kusema niliyonayo.

Mwezi mzima nimekuwa nikienda ofisini kuuliza kama kuna barua yako. Hakuna. Chiriku amemfukia mama, amemlilia, amekumbatiwa, amepanda mpaka maua. Hujaona? Kitabu kinasema waziwazi kwamba hiyo ni hatua kubwa. Mtoto amefanya kila kitu sawasawa na wewe umekaa kimya! Mwalimu wetu wa hesabu ni mkali, wanafunzi wanamkimbia koridoni, lakini hata yeye ukipata jibu anakupa tiki. Wewe hutoi tiki?

Sasa mtoto anatapika mlangoni kwako. Mamdogo anataka kuacha kumleta. Mjomba anakuja mwisho wa Julai. Mimi niko huku nyuma ya uzio, siwezi kufanya lolote ila kuandika, na kila nikiandika mnaniambia nisubiri. Mama alipoumwa pia mliniambia nisubiri. Si wewe, najua. Watu wazima.

Naomba uandike ripoti kwa Mjomba useme kwamba amefaulu.

Kaka yake Chiriku


Chumba cha Michezo,
6 Julai

Kaka yake Chiriku,

Barua yako ilinikasirisha. Niliiweka chini ya trei nikaosha brashi zote za rangi, pamoja na zilizokuwa safi. Sasa ndiyo najibu.

Sikuwahi kukuambia Chiriku anacheza nini. Mama mdogo haingii humu. Umejuaje habari za maua?

Usihangaike kunijibu. Wewe mwenyewe umeshajibu.

Wiki ya kwanza nilifurahi, tena nilifurahi sana. Nilirudi nyumbani nikiimba. Wiki ya pili akarudia yaleyale: mdoli uleule, maji machoni, kofia ileile ya kijani ndiyo maua. Ya tatu pia. Na kila alipomaliza alinitazama usoni kama mwanafunzi anayengoja daftari lirudishwe. Hapo nikaanza kuogopa. Nilidhani kuna mtu mzima anayemtisha. Kijana, nilikaa na mama yenu mdogo kwenye benchi nikimpima kwa macho, mwanamke aliyefunga kibanda chake amlete mtoto. Ilibaki kidogo nimwite ofisini nimhoji.

Darasani Chiriku anaulizwa. Nyumbani anaulizwa. Wageni wanamshika kidevu wanamwuliza. Humu tu ndimo hamkuwa na jibu la kukosa. Wewe ukamletea mtihani mpaka humu, na bila shaka ukamwambia akifeli atahamishwa. Ana miaka saba.

Nakasirika, halafu nakumbuka kwamba na wewe ni mtoto, na mama alikuwa wenu wote wawili. Mimi nami nimechelewa. Nilipaswa kukuuliza mapema wewe unaendeleaje, badala ya kukutuma umwandikie mwingine.

Mjomba nitamwandikia. Sitaandika kwamba amefaulu, kwa sababu hakuna cha kufaulu. Nitaandika kwamba kumhamisha sasa kutamwumiza, na kwa nini. Atakubali au atakataa, hilo siwezi kukuahidi. Wewe omba ruhusa ya Jumamosi moja uje. Nitamwuliza Chiriku kama anataka uingie. Akitingisha kichwa utabaki benchini. Akikubali, utaingia bila kitabu.

Mshauri


Bwenini,
9 Julai

Mdogo wangu Chiriku,

Ile barua yenye picha ichane. Nilikosea. Si mtihani.

Huku bweni letu limepata paka. Hajulikani ametokea wapi. Ni wa rangi ya majivu, sikio moja limekatika, na amechagua kulala ndani ya sanduku la kiranja mkuu, juu ya mashati yake yaliyopigwa pasi. Kiranja akamwambia, "Toka." Paka akafumba macho. Kiranja akaleta ufagio. Paka akauparamia ufagio, akapanda begani kwa kiranja, kutoka begani akaruka mpaka juu ya chandarua cha mwenzetu mmoja mnene anayekoroma, chandarua kikaanza kushuka, kikashuka, na yule mnene bado anakoroma, halafu

Kengele imelia, lazima niende. Posta wanachukua barua leo.

Kaka


Kibandani,
1 Agosti

Profesa,

Wewe ni mtoto wa namna gani? Umekuja Jumamosi, Jumapili umeondoka, na hukuniachia hata sentensi moja.

Nikueleze mimi basi, niliyekaa nje. Nilikuwa benchini napiga pindo la sketi ya mteja. Chiriku alikuwa ameitikia kwa kichwa uingie, ukaingia kama unakwenda kuchomwa sindano. Kimya. Nikapiga pindo. Kimya. Mara nikasikia, "Umekosa! Rudia!"

Nikadhani ni mtoto wa watu. Nikatazama koridoni huku na huku, hapana mtu. "Umekosa tena! Rudia!" Sindano ikaniingia kidoleni, sikuhisi kitu. Ile sauti, Profesa! Imekuwa nzito kidogo, kama kitu kilichokaa kabatini muda mrefu. Na wewe ulikuwa unacheka. Halafu kucheka kwako kukawa si kucheka tena.

Mlipotoka yeye alinipita kama hakuna lililotokea, ameshika chaki nyekundu. Wewe macho yamevimba, shati limejaa alama za X. Nikakuuliza kuna nini. "Ni mambo yake, Mamdogo." Mambo yake! Mimi ninayemsuka, ninayemwogesha, ninayemkata kucha, nimeambiwa ni mambo yake!

Haya, Jumatano Mjomba wako akafika. Akamweka mtoto mbele yake. "Haya, mwamkie mjomba." Kimya. "Jina lako nani?" Kimya, anatazama viatu vya mjomba. Mjomba akanigeukia.

"Si ulisema anaongea?"

"Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Alisema nini?"

"Alisema umekosa, rudia."

Mjomba wako akanitazama kama mtu aliyelewa mchana. Akaitoa barua ya Mshauri mfukoni, akaisoma upya, akaikunja, akasema mwanamke huyu anaandika vizuri lakini yeye Mjomba haoni mtoto amefaidika nini. Kisha akasema, "Mletee begi lake."

Sijui nilipata wapi ujasiri. Mimi kaka yangu simjibu, tangu utoto simjibu. Nikamwambia, "Kaka, nguo zake zimo ndani ya kapu la vitambaa, na kapu hilo ni la kazi yangu, halitoki hapa." Akasema nitajuta. Nikasema nitajutia hapahapa. Ameondoka amenuna, chai ameiacha nusu, na amesema nikishindwa nisimpigie simu.

Chiriku amebaki. Lakini mezani hasemi. Kwa jirani hasemi. Jumatatu mwalimu wake wa masomo ya ziada ameniita kunilalamikia kwa wimbo uleule. Nikipita karibu yake nanong'ona, "Umekosa, rudia," labda ataitikia. Ananitazama kama nimechanganyikiwa.

Sasa niambie kilichotokea humo ndani. Nimegombana na kaka yangu wa tumbo moja. Nina haki ya kujua nimegombana kwa ajili ya nini.

Mamdogo


Bwenini,
8 Agosti

Mamdogo wangu,

Shikamoo. Asante kwa kapu la vitambaa. Nimesoma sehemu hiyo nikasimama katikati ya maktaba, mtunza maktaba akaniuliza kama ninaumwa.

Sitakuambia kilichotokea. Usinikasirikie, au nikasirikie ila usiache kunipenda. Nikikuambia, kesho utakijaribu nyumbani kama unavyojaribu yale maneno mawili, nami ninajua mambo ya kujaribu nyumbani yanaishia wapi. Vifuniko vile na karatasi ile vilitoka kwangu, si kwa Mshauri. Ni mimi niliyemtapisha mlangoni. Nilidhani namsaidia.

La kwangu mwenyewe naweza kukuambia. Nilikosa kila kitu. Kila nilichofanya kilikuwa kosa, na nilipolirekebisha, marekebisho nayo yalikuwa kosa, na sikujua ni kwa nini, na hapakuwa na pa kuangalia. Sijawahi kuwa mwanafunzi wa namna hiyo. Hapo ndipo nikamkumbuka mama. Nikalia mbele ya watu wawili, na dunia haikuanguka.

Na mimi pia nimeudhika. Jumapili nilipobeba begi nilisimama mlangoni kwa makusudi, nikafunga kamba za viatu, nikazifungua, nikazifunga, nikingoja aseme tu "kwaheri." Akanishika kidole kidogo, basi. Njia nzima nilikuwa na hasira naye, kisha nikawa na hasira na mimi. Nilitaka maneno yarudi yote kwa pamoja, kama umeme unavyorudi mtaani. Mshauri anasema hajui yatarudi lini. Nimemwuliza tena kwa barua, na amejibu tena kwamba hajui. Ni mtu mzima wa kwanza kuniambia hivyo, na bado inaniudhi.

Usiache kumpeleka, tafadhali. Hata akirudi na mchanga tu ndani ya soksi.

Mwanao,
Profesa


(Nyuma ya barua ya 1 Juni, juu ya picha zote, kwa chaki nyekundu)

15 AGOSTI

KAKA

SIJAICHANA. NIMESAHIHISHA.

HAPA UMEKOSA. HAPA UMEKOSA. MDOLI SI MAMA. MAMA NI YULE WA NDOO. ANA HOMA NAMMWAGIA MAJI KICHWANI KWA KIKOMBE MPAKA IPOE. WEWE HUKUWEPO NDIYO MAANA HUJUI.

UMEPATA 0.

RUDIA. ANDIKA YA PAKA. HUKUMALIZA.

MWALIMU CHIRIKU